Paka wa mtoto akivunjika mguu: Panadol ya nyumbani yaweza kumuua

Ni jioni ya mwezi wa sita mjini Karatu. Baridi imeanza kushuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro na mama yuko jikoni anasonga ugali. Mtoto wake wa darasa la nne, aliye likizo, anaingia mbio huku machozi yakimtoka.

"Mama, Nyau hawezi kusimama. Mguu unaning'inia!"

Paka yuko nyuma ya magunia ya mahindi, amejikunja kwenye kona yenye giza. Halii. Akiguswa anafoka. Jirani aliyesikia kelele anasema pikipiki imempitia pale barabarani. Bibi, ambaye ametibu kuku na mbuzi wengi maishani mwake, anatoa ushauri wa haraka: "Mpeni nusu panadol, mumfunge kijiti, kesho atakuwa mzima."

Nyumba hii ni ya mfano tu, lakini nyumba za namna hii ni nyingi Rhotia, Endabash, Mang'ola, Oldeani na hata nje ya Karatu. Paka anafugwa kulinda mahindi na maharage dhidi ya panya, kisha watoto wanampa jina, na kuanzia siku hiyo anakuwa mtu wa nyumbani. Siku akiumia, mzazi anajikuta na wagonjwa wawili: paka mwenye mguu uliovunjika, na mtoto anayemtazama mama yake usoni akisubiri kuona atafanya nini.

Na jambo la kwanza ambalo mama huyo anatakiwa kulifanya ni kuurudisha mkono wa bibi, kwa heshima, kabla kidonge hakijafika mdomoni mwa paka.

Kidonge kinachoua

Panadol, yaani parasetamoli, ni dawa ya kawaida kwa binadamu. Kwa paka ni sumu. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuivunjavunja dawa hiyo na kuitoa mwilini. Inabaki kwenye damu na kuziharibu chembe nyekundu, ambazo kazi yake ni kubeba hewa. Fizi zake zinageuka rangi kuwa za kahawia au bluu, uso na nyayo vinavimba, pumzi inakuwa ya shida. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mzima, na hata kipande chake kinaweza kufanya hivyo.

Diclofenac, ibuprofen na aspirini nazo si za kumpa paka kwa makadirio ya nyumbani. Zinaharibu figo na tumbo. Kama kidonge kimeshamezwa, mzazi asione aibu kusema. Amwambie daktari wa mifugo mara moja ni dawa gani, kiasi gani na saa ngapi, kwa sababu sumu ya parasetamoli ina dawa yake ikiwahiwa.

Hatari nyingine iko stoo. Nyumba nyingi za wafugaji zina chupa ya dawa ya kupe. Mtu akiona paka mwenye jeraha ana viroboto, anaona amsafishe kabisa kwa matone machache ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Dawa nyingi za aina hiyo zina cypermethrin, deltamethrin au amitraz. Ng'ombe anavumilia, paka havumilii. Hutetemeka, hupata degedege na anaweza kufa. Dettol nayo si ya paka, maana anajilamba muda wote na kila kinachopakwa kwenye manyoya kinaishia tumboni.

Kama kuna jeraha lililo wazi, maji ya chumvi yanatosha: kijiko cha chai cha chumvi kwenye nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Yamwagwe taratibu juu ya jeraha, kisha lifunikwe kwa kitambaa safi. Mfupa ukionekana nje, usisukumwe kurudi ndani.

Saa ya kwanza

Paka haonyeshi maumivu kama mbwa. Mbwa atalia na kumfuata mwenye nyumba. Paka atanyamaza na kujificha. Tabia hiyo ameirithi mbali. Paka wa nyumbani ni uzao wa paka pori wa Afrika na Mashariki ya Kati, na jamaa zake hao bado wanawinda panya kwenye nyasi za Ngorongoro na Serengeti. Mnyama mdogo wa porini anayelia akiumia anawaita fisi na tai. Kwa hiyo ukimya wa Nyau nyuma ya magunia haumaanishi kwamba haumwi. Inawezekana anaumwa sana.

Mzazi amtoe mtoto kando kwanza. Paka mpole kuliko wote anaweza kung'ata akiwa na maumivu, na anayeng'atwa mara nyingi ni yule anayempenda zaidi. Mtu mzima achukue taulo nene au kitenge, amfunike paka mwili mzima pamoja na kichwa, kisha amwinue kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya makalio, mguu ulioumia ukiwa juu. Amweke kwenye boksi lenye matundu ya hewa au kwenye tenga la kuku lililotandikwa nguo.

Kijiti cha bibi kisifungwe. Banzi linalofungwa na mtu asiye na ujuzi huleta uzito mahali palipovunjika, na kipande cha mfupa kinaweza kukata mshipa au kutoboa ngozi. Likikazwa sana, damu haifiki kwenye vidole na mguu unaoza. Boksi dogo linalomzuia paka asitembee ni salama kuliko banzi baya.

Asipewe chakula kabla ya kuongea na daktari, kwa sababu huenda akahitaji nusu kaputi, na tumbo lililojaa ni hatari mgonjwa akilazwa usingizi. Usiku wa Karatu mwezi wa sita na wa saba ni wa baridi kali, na paka aliyepata mshtuko hupoteza joto haraka. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa khanga, ikiwekwa pembeni yake na si chini yake, inamsaidia.

Kisha mzazi aangalie mambo manne ambayo daktari atayauliza kwenye simu. Anapumua vipi? Paka anayepumua mdomo ukiwa wazi yuko hatarini. Fizi zina rangi gani? Nyeupe ni dalili ya kupoteza damu au mshtuko. Amekojoa? Paka aliyegongwa anaweza kupasuka kibofu, na asipokojoa ndani ya saa 24 jambo hilo halingoji tena. Mkia unacheza? Mkia unaoning'inia kama kamba unaweza kuonyesha kuwa mishipa ya fahamu ya mgongoni imeumia.

Wa kumpigia simu

Kijijini mtu wa kwanza ni ofisa mifugo wa kata. Wengi wao wamesomea vyuo vya mifugo kama LITA Tengeru kule Arusha. Wanajua chanjo, kuchoma sindano na kufunga vidonda, na wanajua pia daktari aliye karibu ni nani. Upasuaji wa mfupa ni kazi nyingine. Huo unafanywa na daktari wa mifugo mwenye shahada, kama wale wanaohitimu Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, Morogoro, na ambaye amesajiliwa na Baraza la Veterinari kwa mujibu wa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Mzazi ana haki ya kuuliza usajili huo. Daktari wa kweli hakasiriki.

Muuza duka la dawa za mifugo anaweza kuwa mtu mwema mwenye uzoefu, lakini duka lake si chumba cha upasuaji.

Si kila daktari wa mifugo ana eksirei, wala si kila mmoja amezoea paka, kwa kuwa kazi kubwa ya wilaya hizi ni ng'ombe, mbuzi na kondoo. Inawezekana familia ikaelekezwa Arusha, umbali wa kama kilomita 140. Ndiyo maana kupiga simu kabla ya kupanda gari ni muhimu: kuuliza kama vifaa vipo, kama daktari yupo siku hiyo na gharama inaweza kufika wapi.

Kwenye Noah au basi dogo, boksi la paka likae mapajani au sakafuni, lifunikwe kitambaa. Giza linamtuliza. Lisiwekwe juu ya gari pamoja na mizigo.

Mfupa unasubiri, pumzi haisubiri

Wazazi wengi hushangaa wakifika kwa daktari na kuona haugusi mguu. Anasikiliza kifua, anabonyeza tumbo, anaweka dripu, anachoma dawa ya maumivu. Pikipiki iliyovunja mguu inaweza pia kuwa imepasua kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, au imeumiza mapafu. Kumlaza usingizi paka wa namna hiyo ili kuunga mfupa ni kumpoteza mezani. Mfupa uliovunjika bila kidonda unaweza kusubiri siku moja, mbili, hata tatu, mpaka mgonjwa atengemae. Uliotoka nje unahitaji kusafishwa na dawa za kuzuia usaha mapema zaidi, ndani ya saa chache.

Baada ya hapo ndipo picha hupigwa, na kwa kawaida ni mbili, moja ya ubavu na nyingine ya mbele. Mfupa unaoonekana umekaa sawa kwenye picha moja unaweza kuwa umepishana kabisa kwenye ya pili.

Hogo, chuma au kukata

Hapa ndipo mzazi anapohitaji kuelewa anachoambiwa, ili asikubali wala kukataa kwa kubahatisha.

Nyonga iliyopasuka mara nyingine haihitaji kisu. Paka anafungiwa mahali padogo kwa wiki kadhaa na mwili unaunga wenyewe.

Hogo au banzi hufaa kwa mifupa ya chini, chini ya goti au chini ya kiwiko, ikiwa mfupa haujapishana sana. Kanuni yake ni rahisi: hogo lazima lizuie kiungo cha juu na cha chini ya pale palipovunjika. Ndiyo sababu paja haliwekwi hogo. Nyonga haifungiki, hogo linateleza, na uzito wake unazidi kuuvuta mfupa vibaya. Kwa bahati mbaya, mfupa wa paja ni miongoni mwa inayovunjika sana paka akigongwa.

Paja basi huhitaji upasuaji. Daktari anaweza kupitisha msumari wa chuma ndani ya uboho na kuongeza waya kuzunguka mfupa, au kufunga bamba la chuma kwa skrubu, au kuweka vyuma vya nje vinavyoshika mfupa kupitia ngozi. Mfupa uliovunjika kipande kimoja kwa kimoja hupona vizuri kwa njia hizi. Uliosagika vipande vingi ni mgumu zaidi, maana msumari peke yake hauzuii vipande kuzunguka.

Na kuna kukata mguu. Neno hili huwafanya wazazi wengi kurudi nyuma, kwa sababu wanafikiria maisha ya binadamu aliyekatwa mguu kwenye mtaa usio na njia za kupita. Paka si hivyo. Ni mwepesi, na miguu mitatu inamtosha kutembea, kukimbia, kupanda na hata kuwinda. Haoni aibu mbele za wenzake. Wengi huanza kujaribu kutembea siku moja au mbili baada ya upasuaji. Kwa mguu uliosagika, au uliokufa ganzi, kukata kunaweza kuwa ndiyo tiba yenye maumivu machache kuliko zote.

Njia ya mwisho ni kumlaza usingizi wa moja kwa moja kwa sindano, asipate mateso. Hiyo ni kwa yule ambaye uti wa mgongo umekatika, au majeraha yake hayana tiba, au familia haina kabisa njia ya kumtibu. Kumwacha paka mwenye mfupa uliovunjika ajifie taratibu nyuma ya magunia kwa kuwa "ni paka tu" ni ukatili, hata kama hakuna aliyekusudia. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama asimwache ateseke.

Hesabu mbele ya mtoto

Kwenye nyumba ya mfano, picha za Arusha zinaonyesha paja lililovunjika vipande kadhaa. Daktari anamweleza mama bila kuzunguka. Anaweza kujaribu vyuma. Paka atahitaji kurudishwa kupigwa picha tena, na pengine kufanyiwa upasuaji wa pili wa kutoa vyuma. Kila safari ni nauli ya kwenda na kurudi. Au anaweza kukata mguu, mara moja, na nyuzi zikatolewa na ofisa mifugo kulekule nyumbani.

Mama ana fedha kwenye simu. Ni za sare na madaftari ya muhula unaoanza mwezi wa saba, na kidogo cha magunia ya kuvunia. Mtoto amekaa pembeni, boksi mapajani, anasikiliza kila neno.

Wazazi wengi hapa huchagua mojawapo ya njia mbili mbaya. Wa kwanza anadanganya: "Daktari atamrudisha mguu wake, usijali." Wa pili anapiga: "Unalia paka, ada zako nani analipa?" Wa kwanza anapoteza kuaminiwa siku paka atakaporudi na miguu mitatu. Wa pili anamfundisha mtoto kuwa huruma ni upumbavu, na mtoto huyo huyo ndiye atakayemtunza mzazi uzeeni.

Njia ya tatu ni kusema ukweli kwa kipimo cha umri wa mtoto. Mama anaweza kumwambia: "Mwanangu, fedha tuliyo nayo ni hii. Tukichukua njia ya vyuma, haitoshi, na inaweza isifaulu. Tukikata mguu, Nyau ataishi na hataumwa tena. Uamuzi ni wangu mimi mama yako, siyo wako. Lakini nilitaka ujue kwa nini."

Sentensi ile ya uamuzi ni ya maana. Mtoto wa miaka kumi asibebeshwe mzigo wa kuchagua. Akichagua na paka akafa, atajilaumu kwa miaka. Anahitaji kueleweshwa na kusikilizwa. Mtu mzima ndiye anayeamua.

Na kama mwisho ni sindano ya kumlaza, isisemwe kwamba paka "amekwenda safari" au "amelala". Mtoto mdogo ataogopa kulala, na mkubwa atakuja kujua. Neno "amekufa" linauma, lakini halimdanganyi mtu. Mtoto aruhusiwe kuaga, kuchimba kaburi pamoja na kaka zake, kulia. Watoto walio chini ya miaka mitano au sita wanaweza kuuliza tena na tena paka atarudi lini. Hawasumbui. Bado hawajajua kwamba kifo hakirudi nyuma, na hujifunza taratibu kwa majibu yale yale ya upole.

Wiki za tenga

Kazi kubwa ya kumponya paka hufanyika nyumbani. Aliyewekewa chuma anahitaji wiki sita hadi 12 za kutulia, mtoto wa paka pungufu ya hapo. Aliyekatwa mguu anahitaji kama wiki mbili hadi tatu. Kutulia maana yake ni kufungiwa. Paka huruka mezani siku ya tano kwa kuwa dawa ya maumivu imemfanya ajione mzima, na mruko mmoja unapindisha msumari.

Hakuna haja ya kununua kizimba cha dukani. Tenga kubwa la kuku au kreti la mbao lililofungwa wavu linatosha, mradi aweze kusimama, kugeuka na kujinyoosha. Ndani kuwe na nguo laini upande mmoja na chombo kifupi cha choo upande mwingine. Wiki mbili za kwanza chooni yawekwe magazeti yaliyochanwa badala ya mchanga au maranda, ili vumbi lisiingie kwenye mshono.

Kola ya kumzuia kulamba mshono hukatwa kutoka kwenye boksi gumu au dumu la plastiki, kingo zikifunikwa kwa kitambaa na plasta zisimkate shingo. Nyuzi hutolewa siku ya 10 hadi 14.

Chakula kiwe cha kweli. Paka hawezi kuishi kwa ugali na mchuzi. Mwili wake umeumbwa kula nyama, na kuna virutubisho ambavyo havipati kwenye nafaka. Dagaa waliochemshwa bila chumvi, wakiliwa na mifupa yao, wanampa protini na madini ya kuunga mfupa kwa bei ambayo nyumba nyingi zinaimudu. Maziwa si lazima, na paka wengi wakubwa huyaharisha. Paka asiyekula chochote kwa siku mbili au tatu arudishwe kwa daktari, maana ini lake huumia kwa njaa haraka kuliko la wanyama wengine.

Mtoto apewe kazi, iandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani: maji asubuhi na jioni, choo kubadilishwa, kuandika kama amekula na kama amekojoa. Dawa zitolewe na mtu mzima pekee. Kila siku mzazi aangalie mshono: wekundu unaoongezeka, usaha, harufu, uvimbe. Kama kuna hogo, vidole vishikwe. Vikiwa vya baridi, vimevimba au vinanuka, hogo linabana na halisubiri kesho.

Akiwa bado amefungiwa, ni wakati mzuri wa kumuuliza daktari kuhusu kumfunga uzazi. Paka dume aliyehasiwa hupunguza kuzurura, na asiyezurura havuki barabara mara kwa mara.

Akimng'ata mtoto

Jambo hili wazazi wa Karatu na Ngorongoro hawapaswi kulichukulia kirahisi. Meno ya paka ni membamba na hutoboa ndani. Kidonda kinaonekana kidogo juu, usaha unatengenezwa chini. Lakini hofu kubwa ni kichaa cha mbwa, ambacho paka pia hukipata na kukiambukiza. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara humuua. Duniani unakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi Afrika na Asia, na watoto ni sehemu kubwa yao.

Mtoto akiumwa au kuparuzwa na kutoka damu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha aende kituo cha afya siku ileile. Daktari ndiye anayeamua kuhusu chanjo. Mzazi asisubiri aone kama paka atakufa.

Karibu na hifadhi, chanjo ya mbwa na paka inalinda zaidi ya nyumba moja. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, unaojulikana zaidi kwa mbwa, uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Mbwa wa kijijini na simba wa hifadhini hawatenganishwi na magonjwa kama wanavyotenganishwa na ramani. Paka naye achanjwe kichaa cha mbwa akitimiza miezi mitatu na kurudiwa kama daktari atakavyoelekeza.

Kama lilikuwa jiwe

Si kila mguu huvunjwa na pikipiki. Mwingine huvunjwa na jiwe, na mkono uliolirusha waweza kuwa wa mtoto wa nyumba hiyohiyo au wa jirani. Mzazi akigundua, fimbo haitoshi na mara nyingi haifundishi. Mtoto aliyechapwa kwa kuumiza mnyama anajifunza kuwa mwenye nguvu humpiga asiye nazo, na hilo ndilo alilokuwa akilifanya.

Apelekwe mbele ya tenga. Aoneshwe mguu. Apewe sehemu ya kazi ya uuguzi, chini ya macho ya mtu mzima, kila siku mpaka nyuzi zitoke. Watoto wengi walirusha jiwe kwa mchezo, bila kufikiri kuwa upande wa pili kuna maumivu. Lakini mtoto anayerudia, anayefurahia kuona mnyama akiteseka, anahitaji kuzungumziwa kwa undani na pengine msaada wa mtaalamu, kwa sababu huenda naye kuna anayemuumiza.

Mwezi wa saba

Shule zimefunguliwa. Kwenye nyumba ya mfano, mtoto amevaa sare ya mwaka jana ambayo mama ameshusha pindo lake, kwa sababu mpya italazimika kusubiri mavuno. Hajalalamika. Yeye mwenyewe alisikia hesabu ikipigwa.

Nyau ametolewa kwenye tenga wiki iliyopita. Siku mbili za kwanza alianguka kila alipojaribu kugeuka upande wa kushoto, na mtoto alikuwa akikimbilia kumshika mpaka bibi akamwambia amwache ajifunze. Bibi huyohuyo wa panadol sasa ndiye anayemkaripia kila mgeni anayetaka kumpa paka mifupa ya kuku.

Asubuhi moja mama anafungua stoo kuchota mahindi na kukuta panya aliyekufa mlangoni, amewekwa katikati kama mzigo uliofikishwa kwa mwenyewe. Anamwita mtoto aje kuona kabla hajaondoka kwenda shule.

Mtoto anatazama, anacheka, anachukua begi lake. Kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, mahali pa "amekula?", anaandika kwa kalamu nyekundu: ndiyo.